Nilikodisha Spika kwa Pande Zote Mbili

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta.

Uwanja mzima wa chuo kikuu ulikuwa kimya, watu wameinamisha vichwa kuwakumbuka waliokufa vitani, na sauti pekee iliyokuwa inatoka kwenye spika ilikuwa yangu.

Nasengenya. Nacheka. Halafu nalia.

Na mwenyewe sina habari.

Vuteni viti.

Kazi yangu ni spika. Harusi, msiba, mkutano, uzinduzi wa duka, ukiniita nakuja na kigari changu, nashusha maboksi, nawasha jenereta, nashika maiki nasema "moja, mbili, moja, mbili." Ndiyo maana mtaani naitwa Moja-Mbili. Jina nililopewa na wazazi nadhani hata mwenye nyumba wangu halijui.

Nina mtoto mmoja, wa kike. Amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita Mama tangu ananyonya. Mama yake mzazi alitutoka binti akiwa shule ya msingi, tukabaki wawili. Amekulia kwenye nyaya huyu. Watoto wa wenzangu walichezea midoli, yeye alichezea plagi.

Akafaulu. Chuo kikuu, hapa hapa mjini, wa kwanza katika ukoo wetu. Analala bweni, Jumamosi anakuja nyumbani. Tunapika, tunabishana, ananisema kwa ajili ya vyombo, Jumapili anaondoka na chumvi yangu.

Ndipo vikaja vile vita.

Vita vyenyewe viko nchi ya watu, ng'ambo ya ng'ambo. Wanafunzi wakaona picha za watoto wanatolewa chini ya vifusi. Wakagundua chuo chao kinashirikiana na kampuni inayopeleka silaha huko. Wakapiga mahema kwenye majani, mbele ya jengo la utawala, wakasema hatutoki mpaka ushirikiano uvunjwe.

Mji ukapasuka kama tikiti.

"Wanalia na vita vya watu, kwani hapa kwao shida zimeisha?" mpiga pasi wa mtaani kwetu aliuliza.

"Sasa ulitaka walie na nini, na mpira?" muuza vocha akamrudishia.

"Wasome! Wazazi wanajinyima!"

"Kwani kusoma ni kufumba macho?"

Hata kundi letu la familia kwenye simu, watu waliozoea kutumiana maua ya asubuhi njema, wakaanza kufukuzana.

Mimi nilikuwa mchekeshaji wa upande wa wazee. Nilikuwa napita mtaani natangaza: "Jamani, watoto wetu wamefaulu somo la kupiga mahema! Mwakani wanasomea kuyakunja!"

Watu hoi.

Nikifika kwangu nafunga mlango, kicheko kinabaki nje.

Maana Mama alikuwa kwenye hema la mbele kabisa. Na Jumamosi zilikuwa zinapita.

Nilimpigia.

"Mama, unakuja lini?"

"Tukimaliza, Baba."

"Mkimaliza nini? Vita vya watu hivyo."

"Baba, wewe huwa unajaribu maiki tu. Husikilizi kinachosemwa."

Akakata. Baada ya hapo nikipiga inaita mpaka inachoka.

Halafu chuo kikatangaza: atakayekutwa kwenye hema Ijumaa jioni, amejifukuza mwenyewe.

Hapo sikuwa na utani tena. Mtoto mmoja, chuo kimoja, ukoo mzima. Nilitaka atoke kwenye lile hema. Basi. Sikuwa na siasa nyingine.

Wazazi wakapanga kwenda uwanjani Ijumaa hiyo mchana, wakawaombe watoto watoke. Kiongozi wao ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, sote tunamwita Mwenyekiti, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuamrisha lori. Akaja kwangu.

"Moja-Mbili, nataka spika zinazopasua."

"Mwenyekiti, nitakupa zitakazoamsha mpaka waliostaafu."

Jioni yake wakanipigia wanafunzi. Siyo Mama, ni mwenzake. Nao wanataka spika, siku hiyo hiyo, uwanja huo huo.

Nikakubali.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa na hesabu zangu. Wazee nikawapangia spika kubwa, ndefu kama milango. Wanafunzi nikawapangia zile ndogo, moja yake ina koo bovu, inakohoa. Wazee wasikike, watoto wasisikike, Mama achoke, atoke, asalimike.

Akili nyingi sana. Nilijipigia makofi peke yangu jikoni.

Ijumaa nikafunga mitambo yote miwili, wa wazee kushoto, wa wanafunzi kulia. Nikajaribu huu nikauzima, nikajaribu huu nikauzima. Safi.

Mwenyekiti akapanda kwenye boksi.

"Wazazi wenzangu!"

Sauti ikatoka kushoto, ikatoka na kulia. Kwenye spika za wanafunzi! Ile yenye koo bovu ikamkoholea Mwenyekiti.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mmoja wao akawasha maiki yao amjibu.

Mungu wangu.

Ikatoka sauti kama mafuta ya moto yamemwagiwa maji. Watu wakaziba masikio. Ndege waliokuwa kwenye paa la utawala wakahama.

Niwaeleze kosa, maana ni kosa la kifundi. Maiki zangu zote zisizo na waya nilizinunua kwa mtu mmoja aliyekuwa anafunga biashara. Zote zina chaneli moja, haibadiliki. Ukiwasha moja, mitambo yote inaipokea. Ukiwasha mbili, zinapigana. Sikuwahi kupata shida, kwa sababu harusi ni moja. Nani amewahi kuona maharusi wawili wanagombea zulia?

Mwenyekiti akazima maiki yake, akawa anaipiga-piga kiganjani. Kukatulia kidogo.

Ndipo nikasikia:

"Baba, chaneli zimegongana."

Alikuwa Mama. Ameshika maiki ya wanafunzi, amesimama mbele ya hema, amekonda, kitambaa kichwani kimepauka kwa jua. Sauti ikatoka kwenye zile spika kubwa za wazee, juu ya kichwa changu, mpaka kifua kikatetemeka.

Neno "Baba" nilikuwa nimelikosa muda mrefu. Likanirudia kupitia spika za wapinzani wake.

"Iwake moja tu," akaendelea. "Mwenyekiti akiongea mimi nazima. Nikiongea yeye anazima."

Mwenyekiti akanigeukia jicho jekundu. "Yaani tuongee kwa zamu na watoto?"

"Mwenyekiti, ni zamu au mafuta ya moto. Chagua."

Basi mji uliokuwa unafokeana wiki kadhaa ukaanza kupokezana maneno kama watu wazima.

Mama akaanza: "Shikamooni wazazi wetu."

"Marahaba!" wazee wote wakaitikia, ndipo wakakumbuka wamekuja kugombana.

Mwenyekiti akasema vya kwake. Kwamba shahada ni moja, haiokotwi kwenye majani. Kwamba kule ng'ambo hakuna anayewajua hawa wanaomlilia. Aliongea vizuri, nisimnyime haki yake. Mama akajibu kwamba ada zao zinapita kwenye mikono ile ile inayopeleka mabomu, na hilo haliko ng'ambo, liko ghorofa ya pili ya jengo lile pale.

Mara akasema, "Kabla hatujaendelea tunaomba tusimame kimya, tuwakumbuke waliokufa. Mwenyekiti, utatukatalia?"

Nani atakatalia hilo? Mwenyekiti akavua kofia. Maiki zote mbili zikazimwa.

Na simu yangu ikatetemeka.

Sisi mafundi tuna kawaida yetu: maiki moja ndogo inakaa mfuko wa shati, ya kujaribia. Na betri yake inakaa mfuko wa suruali. Haziungani mpaka wakati wa kujaribu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza unayofundishwa kwenye kazi hii, kabla hata ya kufundishwa kukunja waya.

Siku hiyo, kwa ile akili yangu nyingi, betri niliisahau ndani ya maiki.

Katika kuvuta simu kidole kikasukuma swichi. Nikazunguka nyuma ya kigari, karibu na jenereta inayonguruma, nikaziba sikio moja.

Alikuwa shemeji, kaka wa marehemu mke wangu.

"Vipi shemeji, mtoto ametoka?"

"Atoke wapi! Kuna Mwenyekiti hapa anaongea kama bomba lililopasuka, maji mengi, ya kunywa hakuna."

Nikacheka. Nikamweleza na wanafunzi, mahema yao yamelegea kama nguo zilizoanikwa na mtu mvivu. Nikamweleza na ujanja wangu: "Watoto nimewapa zile spika zenye mafua, shemeji, lakini chaneli imeniaibisha."

Shemeji hakucheka.

"Sasa niambie ukweli. Wewe hivi vita vimekukosea nini hasa? Maana watu wanasema hakuna anayewapinga hao watoto kukushinda."

Hapo sijui nini kilinipata. Labda kule kukonda kwa Mama. Labda lile "Baba."

"Shemeji, mimi vita sivijui. Hata kwenye ramani siwezi kuvionyesha. Ninachojua ni kwamba Jumamosi haji. Napika ya watu wawili, mkono umezoea, halafu nakula naitazama sahani ya pili. Juzi nimewasha spika mle ndani peke yangu. Nikasema moja, mbili. Ili mradi nyumba iwe na mtu wa kunijibu."

"Ikajibu?"

"Ikajibu. Moja, mbili. Nikaizima, nikalala na viatu."

Na mimi machozi hayo.

"Kumbe sipingani na maandamano," nikamwambia. "Nayaonea wivu. Yamenichukulia mtu wangu."

Nikakata simu, nikafuta uso kwa mkono wa shati, nikatokeza upande wa pili wa kigari na tabasamu langu la kazini.

Umati wote ulikuwa umenigeukia.

Wote. Wazee mdomo wazi. Mwanamke mmoja wa upande wa wazazi ameshika leso machoni. Wanafunzi hawakucheka, na heri wangecheka. Mwenyekiti, bomba langu lililopasuka, ananitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Nikashika mfuko wa shati. Maiki ilikuwa ya moto.

Nikaizima. Kile kimlio cha "tuk" kikasikika mpaka ukutani kwa utawala.

Nilitamani nijifungie ndani ya boksi la spika.

Lakini Mwenyekiti ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara haachi mzigo barabarani. Akawasha maiki yake.

"Mmesikia wenyewe!" akanguruma. "Mzazi analia! Anakula na sahani tupu! Na wewe binti umekaa hapa unawalilia watu usiowajua hata majina! Walio mbali watakuhusu nini, wakati wa karibu yako amekushinda kumwona?"

Makofi. Wazee wakapiga miguu chini. Hata wanafunzi wengine wakatazama viatu vyao.

Nami, niseme ukweli, moyo wangu ulifurahi. Nilijua amepatikana. Neno lile halina jibu. Atakunja hema, twende nyumbani.

Sasa kabla sijawapa jibu lake, niwape yaliyofuata, msije mkanijazia maswali kwenye komenti.

Hakuna aliyetoka kwenye hema jioni ile. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekwenda ghorofani kuwaombea wasifukuzwe, na mpaka leo hataki kukumbushwa. Waliokuwa mstari wa mbele wakasimamishwa muhula mmoja. Mahema yakaondolewa baadaye. Ushirikiano na ile kampuni, chuo kinasema "unatazamwa." Vita bado vinaendelea, na muuza vocha na mpiga pasi bado hawasalimiani.

Na Mama yuko nyumbani. Muhula mzima. Nilikuwa naomba Jumamosi moja, nikapewa na chenji.

Ananisema kwa vyombo, tunabishana, tunacheka. Lakini kila jioni anasogeza kiti dirishani, anatazama upande wa chuo, simu mkononi, anasoma habari za kule. Namwita mara mbili ndipo anasikia. Sahani mbili zina watu sasa, ila wakati mwingine aliyeko mezani ni mimi tu.

Kwa hiyo nikikupa funzo usilichukulie la mtu aliyeshinda. Kabla hujampinga mtu, jichunguze kama unapinga neno lake au unapinga kiti alichokiacha kitupu. Mimi nilivichanganya nikapiga kelele mji mzima. Na kama ni fundi mwenzangu, toa betri.

Turudi uwanjani.

Makofi yakaisha. Mama akasubiri Mwenyekiti azime, kama walivyokubaliana. Akawasha. Hakumtazama yeye kwanza, alinitazama mimi.

"Baba, nimekusikia. Na unisamehe."

Ndipo akamgeukia Mwenyekiti.

"Mzee wangu, huyu ni baba yangu mzazi. Anakaa vituo viwili vya basi kutoka hapa, ana spika za kujaza uwanja huu, na bado sikujua kama analia mpaka alipokosea swichi. Sasa hao walio ng'ambo, waliolipuliwa mpaka spika, wangoje fundi gani akosee ndipo wasikike?"