Jina la Kanga Lililopungua Herufi

Mwalimu wetu wa kuchapa vitambaa alikuwa Mhindi, mchoraji ambaye picha zake hununuliwa na watu wenye kuta ndefu. Jumamosi alitufundisha kwenye karakana moja mtaani Vällingby, huku kwa Waswidi: mimi, binti yangu na wenyeji wachache. Binti ndiye aliyenivuta. Alitaka kunichapia kanga. Nilikubali upesi, maana tulikuwa hatuzungumzi sana. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wangu nimemlea kwa Kiswahili, amekua kwa Kiswidi. Namsemesha, ananijibu kwa lugha ya shule, na nikimsahihisha neno hunyamaza kabisa. Nami mdomo wangu hauna breki.

Siku hiyo mchoraji alituonyesha kazi zake za mwanzo, kabla hajashika brashi: kadi za harusi alizochapa kwa skrini, yaani kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu ili kipitishe wino, akiwa kijana kwao. Kila rangi ina fremu yake, alieleza, na fremu ikisogea kidogo tu, kazi imeharibika. Akatoa kadi ambayo midomo ya bibi harusi imeangukia shavuni. Wenye harusi waliikataa, yeye akaihifadhi. Nilicheka mpaka machozi. Binti yangu hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi ninavyolicheka kosa.

Zamu yake ilipofika, alitandaza kitambaa, akaweka fremu, akamimina wino na kuuvuta kwa kipande cha mpira. Pindo lilitoka safi, jekundu. Juu yake jina la kanga likasomeka: MAMA NI MOJA.

Moja! Kama embe sokoni. Sahihisho lilinifika kwenye meno. Mwalimu, asiyejua Kiswahili, aliuliza maana yake, nikamwambia kwa Kiswidi kwamba mama hana wa pili. Basi nikafunga mdomo, na kuufunga kuliniuma, kwa sababu kanga huvaliwa mbele za watu, na Waswahili wa Alby, mtaani kwetu, kusoma wanajua.

Tulikuwa tukinawa mikono binti yangu alipofunga bomba.

"Mama," akasema, "nimekosea wapi?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Nilishikwa na furaha nikaogopa kuimwaga.

"Umesema moja," nikamjibu polepole. "Embe ndilo huwa moja. Mtu ni mmoja. Na mama ni mtu."

Akakung'uta maji vidoleni.

"Mama ni mtu," akarudia, kama anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Nikatamani tungekuwa tumechapa hilo.