Dang'a ya Nyumba Tisa

Babu yangu alipozikwa, baba zangu wadogo wawili walipigania koti. Hawakupigania shamba wala ng'ombe. Koti. Lilikuwa zito, la rangi ya majani makavu, babu alirudi nalo kutoka vita vya wazungu, na vifungo vyake vya shaba alikuwa akivisugua kwa majivu kila Jumamosi. Mmoja alishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakavutana mbele ya watu waliokuja kutoa pole mpaka likapasuka begani. Shangazi yetu mkubwa akawanyang'anya, akasema, "Haya, sasa halina mwenyewe," akanitupia mimi kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Nilikuwa na miaka kama kumi. Mwaka huohuo niliacha shule, lakini si kwa sababu ya koti. Mwalimu alikuwa anachapa sana na kichwa changu hakikushika hesabu, basi.

Nilikuja nalo Nairobi koti lile. Shangazi alikuwa ameshalishona bega. Nililivaa asubuhi za baridi miaka yote niliyofanya kazi katika kiwanda cha mablanketi, na nililivaa siku ile, katikati ya miaka ya tisini, tulipoitwa uwanjani tukasomewa majina. Aliyesikia jina lake alitoka kwa geti dogo. Mimi nililisikia langu mapema, sikungoja kusikia la mtu mwingine. Baada ya hapo koti likawa la kuchimbia mitaro, nilipopata mitaro, na mwishowe likawa la kwenda nalo kwenye kibanda cha ng'ombe. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Kwa ng'ombe.

Tulikuwa nyumba tisa katika ploti yetu ya Kayole, upande unaotazama Komarock, kabla ya maghorofa kupanda na kuziba upepo. Milango tisa, bomba moja. Kwa miaka miwili baada ya kupunguzwa kazini nililishwa na milango minane. Sikufa njaa, siwezi kusema uongo, lakini kuna chakula kinachoshuka na kuna chakula kinachokwama. Mama wa mlango wa tatu, mjane aliyetoka upande wa Murang'a, muuza chapati, alikuwa akileta sahani imefunikwa na kumwambia mke wangu, "Hizi zimeungua kidogo, wateja wamezikataa." Hazikuwa zimeungua. Mimi nilikuwa nazila nikitazama ukuta.

Kisha binti yetu mkubwa akaolewa, na wakwe wakaleta mahari. Walituletea mtamba wa gredi, wa damu ya kigeni, mweusi mwenye mabaka meupe, ana mimba ya miezi sita, juu ya pikapu, ploti nzima ikatoka kuangalia akishushwa. Mwenye ploti alinikubalia nijenge kibanda cha mabati huko nyuma, kwa sharti kwamba mbolea ni yake. Nikawa mtu wa majani. Asubuhi nilikata nyasi kando ya barabara ya Kangundo, mchana niliokota maganda ya ndizi na majani ya kabichi sokoni, nayachambua moja moja kutoa karatasi za nailoni, maana ng'ombe wengi wa Eastlands walikufa na nailoni tumboni.

Ng'ombe ndiye aliyenijulisha kwa Daktari. Tulimwita hivyo, lakini yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi si daktari, mimi ni msaidizi wa mifugo." Alifanya kazi ya serikali huko mashambani mpaka naye akapunguzwa, akaja kupanga chumba katika mtaa wa Tena. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana begi la ngozi lililoshonwa na waya. Alitembea kwa miguu ploti kwa ploti, akitibu nguruwe, mbuzi, ng'ombe wa vibandani kama wangu, na punda wa wauza maji. Punda hasa. Siku moja nilimkuta kwenye kituo cha maji anaosha kidonda mgongoni mwa punda, kidonda cha kuingia ngumi, na kijana mwenye mkokoteni anamwambia, "Daktari, huyu ni mgumu, hana noma, paka dawa aende."

"Wewe kiatu kikikuuma unakivua," Daktari akamwambia. "Huyu atavua nini?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sikumwona akicheka mara nyingi.

Alikuwa akipita kwangu kila wiki, anapapasa tumbo la ng'ombe, anakunywa chai akiwa amesimama. Mwezi wa mwisho aliniambia, "Mzee, huyu atakuwa na maziwa mengi. Ng'ombe wa namna hii ndiye wa kuogopa. Anatoa mpaka anajimaliza. Akizaa tu, niite."

Alizaa Ijumaa mchana, ndama jike, bila kusumbua mtu. Nilifurahi nikasahau kuita. Jumamosi asubuhi mke wangu alipeleka maji akarudi mbio.

"Baba watoto, njoo uone. Masikio yake ni baridi kama chuma."

Alikuwa amelala, shingo ameikunja kuelekea ubavuni kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Nikamvuta kamba. Hakujua navuta. Nikakimbia Tena kwa miguu yangu hii, nikamkuta Daktari anafua, akaacha nguo kwenye karai.

"Homa ya maziwa," akasema alipomwona. Inaitwa homa, lakini mwili unakuwa baridi. Alitueleza kwamba ng'ombe anapoanza kutoa maziwa mengi ghafla, chokaa yote ya mwilini inakimbilia kiweleni, damu inabaki haina kitu, misuli inalala, na moyo nao ni msuli. Alitoa chupa, akaipasha kwenye sufuria ya maji ya moto, akatafuta mshipa wa shingo, akamwaga dawa polepole, mkono mmoja umeinua chupa, mwingine uko kifuani unahesabu moyo. Hatukupumua. Chupa ilipokuwa inakwisha, ng'ombe akatetemeka mapaja, akacheua, akakojoa mkojo mrefu. Kisha akasimama. Akasimama kabisa, akamtafuta ndama wake!

Mke wangu alipiga kigelegele. Daktari akafunga begi lake.

"Sasa nisikilizeni. Kwa siku mbili mkamue ya ndama tu, vikombe viwili, msizidi. Kiwele kikijaa, kiacheni kijae."

"Kijae tu?" nikauliza.

"Kijae, mzee. Kikikaza, mwili unaacha kutoa chokaa. Hiyo ndiyo dawa iliyobaki."

Nikasema sawa. Mdomo ulisema sawa.

Sasa, mtu wa kwetu huko magharibi atanielewa. Kwetu kiwele hakiachwi na maziwa. Mama yangu alitufundisha kwamba maziwa yaliyobaki yanaoza ndani na kuua chuchu, na hakuna aliyewahi kumbishia. Na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, hayauzwi wala hayafichwi. Kila mlango unaoweza kusikia ng'ombe akilia lazima uonje. Mwenye ng'ombe akiwanyima, ndiye amemfunga ng'ombe wake asitoe maziwa tena, kwa mkono wake mwenyewe. Tena milango yangu haikuwa milango tu. Ilikuwa ile minane iliyonilisha miaka miwili.

Jumamosi jioni, jua lingali juu, nilichuchumaa nikakamua. Nilikusudia vikombe viwili. Lakini yalikuja, ndugu yangu, yalikuja kama bomba lililofunguliwa, mikono yangu ikakumbuka utoto, sikusimama mpaka chuchu zikalegea.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Si Daktari amesema..."

"Daktari amesomea dawa. Mimi nimekua chini ya ng'ombe."

Alichukua ndoo. Tukachemsha dang'a mpaka ikashikana, tukagawa sufuria kwa sufuria, milango yote minane, na wa tisa ni sisi. Mama wa mlango wa tatu alipoona sufuria imefunikwa inaingia kwake, akapiga makofi. "Ai! Leo mzee ndiye anagawa! Hii nayo imeungua?" Ploti ikaangua kicheko. Nilitembea uwanjani mle kama chifu. Nakwambia ukweli, tangu nitoke kwa geti lile dogo sikuwahi kusikia vizuri hivyo.

Jumapili kabla ya kanisa nikakamua tena. Yote.

Tuliporudi, mchana, alikuwa chini. Safari hii hakukunja shingo, alilaza ubavu wote. Nilikwenda Tena nikiwa na viatu vya kanisa. Daktari alikuja bila kuuliza kitu njiani, anatembea haraka mbele yangu. Alipopiga magoti kibandani akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Umemkamua?"

"Vikombe viwili, Daktari. Kama ulivyosema."

"Mbona kiwele kimelegea?"

"Ndama alikata kamba. Amenyonya usiku kucha."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hayakuwa yamepangwa. Niliona haya, hilo tu. Nilikuwa nimerudi kuwa mtu mbele ya majirani jana yake tu, na sikutaka kuwa mjinga leo mbele ya mtu aliyepiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe wangu.

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Mke wangu alinitazama, kisha akatazama chini, kwa sababu mwanamke wa kwetu hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni.

"Kama hakukamuliwa," Daktari akasema, kama anajisemea, "basi hii si ile ya jana. Na dawa ya jana nikiirudia bure, itasimamisha moyo." Akaingiza mkono kuangalia kama kondo lilibaki. Akanusa. Akapima joto. Akachagua sindano ya kuua uchafu wa tumbo la uzazi, akamdunga, akakaa juu ya debe kungoja. Tukangoja. Nzi walikuwa wanatua kwenye macho ya ng'ombe na ng'ombe hapepesi. Ningeweza kusema wakati wowote. Mdomo ulikuwa wangu. Kila mara nilipotaka kuufungua niliona muda umepita sana, na kadiri nilivyongoja ndivyo ulivyozidi kupita.

Ndipo mama wa mlango wa tatu akaja na sufuria yetu, ameiosha inang'aa.

"Mzee, asante sana kwa maziwa. Ya jana na ya leo asubuhi! Watoto wamelamba mpaka wamelala. Milango yote inakushukuru." Kisha akamwona ng'ombe. "Kwani ana nini?"

Daktari aliinuka kutoka kwenye debe. Hakunitazama. Alifungua begi, akatoa chupa, hakuipasha moto, akaanza kutafuta mshipa, na mshipa ulikuwa umezama, akadunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikashika. Mkono mmoja juu, mwingine kifuani. Dawa ilifika nusu ya chupa. Ng'ombe akatoa sauti ndefu, akanyoosha miguu yote minne kwa pamoja kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Daktari aliacha mkono kifuani kwa muda mrefu. Kisha akashusha chupa.

Ndama alikuwa analia pembeni.

"Ungesema tu," Daktari akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ningependa ingekuwa ya hasira.

"Daktari, mimi..."

"Ungesema, ningekuita mjinga, halafu ningemdunga."

Akaenda bombani. Mke wangu alimpelekea sabuni, akanawa mpaka viwikoni, kidole kwa kidole, kama ana kazi nyingine ndefu mbele yake. Chai aliikataa kwa mkono. Majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao, wengine wameshika sufuria zangu.

"Ndama mtafutieni maziwa leo hii," akamwambia mke wangu, si mimi. "Akilala na njaa, naye atakwenda."

Akatia begi begani. Nilimfuata mpaka getini, nikasema Daktari, nikasema tena Daktari, hakugeuka. Alivuka uwanja, akapita kando ya mahindi yaliyopandwa chini ya nyaya za stima, mwendo wake uleule wa kila siku, wala haraka wala pole, mpaka mahindi yakamfunika. Kwangu hakurudi, wala kwa punda wa kituo cha maji, wala Kayole yote.