Kinachopita Mbele ya Nyota

Kuna watu wa Chakol ambao mpaka leo wakiniona sokoni wananipisha njia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo aibu yangu, kwa hivyo nichekeni mapema tumalize.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilitaka watu wa kawaida nao waone jinsi wanaastronomia wanavyojua kwamba nyota ya mbali ina sayari inayoizunguka, ingawa sayari yenyewe hawaioni. Nikaazima chumba cha duka sokoni Jumapili alasiri, nikaziba madirisha, na mpenzi wangu Barasa, fundi wa stima Busia mjini, akanivutia waya wa taa. (Mwezi huohuo alikuwa anipeleke Butula nikamwamkie mamake, kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye hakuwa amesikia hata jina langu. Barasa alinionya: "Mathe akisikia mambo ya mganga, umeisha." Shikeni hilo.)

Kosa langu lilikuwa tangazo. Mwalimu mwenzangu aliniambia niandike kwa Kiingereza, mimi nikajifanya mzalendo, nikaandika kwa herufi kubwa: JE, NYOTA INAFIFIA? NJOO UJUE NI NINI KINACHOPITA MBELE YAKE. Nikalibandika kwenye nguzo, chini kidogo ya lile la daktari wa mitishamba anayesafisha nyota na kurudisha wapenzi. Mimi huyo, na digrii yangu.

Watu walifurika, nami nikafurahi, kumbe mmoja amekuja na kuku, mwingine ameshika shati la mumewe, na muuza mitumba mmoja akaninong'oneza, "Madam, biashara yangu imekufa tangu jirani afungue yake. Si unipimie kama ni yeye anapita mbele?" Hapo niliziona habari zikifika Butula kabla yangu: mchumba wa Barasa anasafisha nyota Chakol.

Nikaona nieleze haraka. Nikawasha taa, nikazungusha kimpira kwa uzi, nikawaonyesha kwenye simu iliyokuwa ikipima mwanga jinsi unavyopungua kidogo kimpira kikipita mbele, halafu unarudi, halafu unapungua tena baada ya muda uleule. "Sayari hatuioni," nikasema, "lakini nyota ikififia kwa mpango namna hii, tunajua kuna kitu kinaizunguka." Wakaitikia kwa vichwa, nikadhani wameelewa.

Mama mmoja aliyejitanda leso mpaka karibu na macho akainua mkono. "Mulembe, daktari. Hiyo ndiyo shida ya kijana yangu kabisa. Huwa ananipigia kila siku, lakini kila Jumapili ya pili anapotea, simu imezimwa mpaka usiku. Jumatatu anarudi sawa. Halafu anapotea tena. Na kuoa hataki." Akashusha sauti. "Anaitwa Barasa, ni fundi ya stima hapo Busia. Sasa niambie, nani anazunguka mtoto yangu?"

Jamani! Mama wa watu amepima kama mwanaastronomia, bila darubini, na alichogundua ni mimi! (Jumapili ya pili ndiyo siku yetu, na kuzima simu ilikuwa amri yangu.) Alikuwa akisokota ncha ya leso kwa wasiwasi, nikamhurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

"Mama, hajalogwa," nikasema. "Hakuna kibaya kinachomzunguka."

Kabla sijaongeza neno mlango ukafunguliwa, Barasa akaingiza kichwa. "Dear, taa inashika poa?" Kisha akaona. "Mathe? Unafanya nini huku?"

Chumba kizima kikapiga vigelegele. Mwalimu ameulizwa habari za kijana, na kijana huyo mlangoni! Muuza mitumba akarudi mwanzo wa foleni.

Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama kimpira kikining'inia mbele ya taa. Akashusha leso. "Nimekuja kusoma sayansi," akamjibu Barasa. Halafu akanisogelea sikioni. "Kumbe ni wewe. Kuja nyumbani Jumamosi. Na hiyo simu muache ikiwa on."

Tangu hapo neno nyota siliandiki tena kwenye tangazo lolote. Nitaandika "majua ya mbali" hata kama hatakuja mtu. Barasa bado anawasifia watu jinsi mamake anavyopenda sayansi, na mimi na mama mkwe tunainamia ugali wetu kuficha kicheko. Simu ya Barasa haizimwi. Kila Jumapili ya pili inalia, naye mama anamuuliza jambo moja tu: "Sayari imekula?"