Panya Ambao Odilia Hakuwataja

Tangu utotoni Odilia wa Ruhembe alikuwa na macho makali. Ukimpa mchele achambue, anakutolea pumba mpaka za kwenye mchele wa jirani. Alipokwenda ng'ambo kusomea seli za damu hakuna aliyeshangaa. Huko akapewa hadubini ambayo ukimweka chawa chini yake unamkuta ana kope, na anazipepesa. Akaiinamia miaka kumi na mmoja, akarudi Dar es Salaam na shingo ya korongo na cheo cha daktari, ila daktari asiyechoma mtu sindano.

Krismasi ya mwaka ule katekista Evarist akamsimamisha kigangoni Ruhembe awaeleze watu kazi yake. Odilia akasema ndani ya damu kuna askari, wanaitwa seli T. Saratani ni mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Askari wanampita na salamu wanampa. Kazi yake yeye ni kuwatoa askari wale, kuwafundisha kumtambua mwizi, na kuwarudisha mwilini.

"Na wanamkamata?" akauliza Evarist.

"Wanamkamata."

Kigelegele cha Hildegarda, mama yake, kilisimamisha tembo kule Mikumi katikati ya barabara, wakasahau walikuwa wanavuka kwenda wapi.

Kitu kimoja Odilia alikiruka. Waliopona kwa askari wake walikuwa panya. Binadamu, hata mmoja bado. Neno lilikuwa mdomoni, lakini akamwona mama yake mbele kabisa na kitenge kipya, akaona haya kusema kwamba miaka yote ile alikuwa anatibu panya. Akalimeza.

Baada ya hapo, kila Jumapili kwenye simu mama aliuliza, "Askari wako hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Wasalimie."

Pasaka ya mwaka wa pili Odilia alikuja likizo. Hildegarda akafunga mlango, akafungua kanga. Titi la kushoto lilikuwa gumu, ngozi imepasuka na inatoa maji. Na mama anatabasamu kama mtu aliyemfichia mwanawe firigisi.

"Nimekuwekea," akasema. "Muuguzi wa zahanati aliniandikia barua niende wakalikate. Nikaichoma. Wakate wao, wewe ufanyie nani kazi? Nataka Ruhembe nzima waone wa kwanza ni mama yako mzazi."

"Lilianza lini?"

"Mwaka jana, wakati wa palizi. Lilikuwa kama punje ya choroko."

Punje ya choroko inatibika. Odilia alikaa chini, sakafuni.

"Mama, dawa yangu ni ya panya."

Hildegarda akamtazama, kisha akacheka. "Basi nihesabu panya. Meno si ninayo?"

Wakapanda basi Mikumi kwenda Dar es Salaam. Madaktari wa sindano wakafanya walichoweza kwa ugonjwa uliokwisha kufika kwenye mifupa. Siku moja, kwa ruhusa ya mama na dole gumba lake kwenye karatasi, Odilia alipata kipande cha uvimbe, akakiweka chini ya hadubini.

Askari walikuwepo. Wamejaa tele, wamemzunguka mwizi pande zote. Walimtambua wenyewe, bila kufundishwa na mtu, wakapigana peke yao mwaka mzima mpaka nguvu zikawaishia. Odilia hakuona zaidi, kioo kilikuwa kimelowa.

Jioni akamwambia mama, "Nimewaona askari wako."

"Wanasemaje?"

"Wamejitahidi sana."

"Waambie wapumzike."

Alikufa mwezi wa tisa.

Siku ya arobaini Odilia alisimama tena kigangoni, mbele ya watu walewale. "Dawa yangu haijaponya mtu. Imeponya panya. Siku ile nilijua, sikusema, na mama yangu akaningoja. Mwenye uvimbe asiningoje."

Evarist aliinamisha kichwa.

Nje, Monica, mke wa jirani aliyekuwa akipalilia miwa na Hildegarda, akamvuta pembeni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Monica aliuchukua mkono wa Odilia, akauweka chini ya kwapa lake mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nikasema ningoje kwanza mama arudi amepona."

Odilia akaita pikipiki ya kuwapeleka Mikumi. Hawakungoja hata ubwabwa wa arobaini uive.