Mwalimu wa Jumamosi

Mwalimu anayewafundisha watoto wetu Kiswahili hapa Alby, ughaibuni, aliwahi kufundisha Kiingereza Uchina kwa miaka sita. Mpaka leo hunywa maji ya moto matupu, na ukimpa daftari hulipokea kwa mikono miwili. Darasa likiisha husimama mlangoni akimuaga kila mtoto kwa jina. Juzi binti yangu Isra alichomoka bila kuagwa. Mwalimu akamfuata kwenye theluji hadi kituo cha treni, bila koti. Aliporudi nilikuwa nafagia darasa.

“Mwalimu, si mngeonana wiki ijayo?”

Akapangusa miwani yake kwa shati.

“Kule Uchina niliondoka kwa likizo ya wiki mbili, korona ikafunga mipaka. Watoto arobaini na wawili, mama Isra. Sikumuaga hata mmoja.”