Msalaba wa Mbuke Wangoja Herufi Moja

Saa mbili asubuhi, jirani na soko la Mwigobero mjini Musoma, Felisian Mugeta anachovya brashi kwenye rangi nyeusi na kuandika jina la mtu atakayezikwa leo. Herufi zinatoka zimenyooka. Ukutani, juu ya kichwa chake, unaning'inia uso wake mwenyewe.

Ni barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyofinyangwa usoni pake hospitalini. Pua ni yake, kidevu ni chake. Wateja wanaokuja kuagiza misalaba ya makaburi huitazama mara moja tu. Nami nilihamisha kiti nisiione.

"Walinivalisha hiyo wakanibana mezani, kichwa kisicheze," anasema mzee huyu wa miaka 64. "Mashine ikawa inanizunguka. Sikusikia kisu wala maumivu. Nikaamka, hata tone la damu hakuna."

Felisian ana ugonjwa wa Parkinson. Kwa miaka sita mkono wake wa kulia ulitetemeka, na kazi hii bila mkono haifanyiki. Aliyemwokoa ni mkewe, Mbuke. Felisian alipoandika, Mbuke alikaa kuliani kwake, akamshika kifundo cha mkono mpaka herufi ya mwisho.

"Alikuwaga ananibana kweli. Nikiharakisha ananiambia, 'Taratibu, baba Dorkas, huyu mtu haendi popote.'"

Mbuke alifariki miaka miwili iliyopita, akazikwa nyumbani kwao Bukima. Felisian alikataa fundi mwingine asiandike jina la mkewe, na yeye mwenyewe hakuweza. Kaburi likabaki na msalaba mtupu.

"Jioni watu walikuwaga wanazunguka njia nyingine wasipite kaburini," anasema binti yao, Dorkas. "Walisema mama amelala bila jina, ipo siku atakuja kuliulizia."

Dorkas na ndugu zake waliuza ng'ombe, wakampeleka baba yao India. Madaktari walimweleza kwamba mionzi ingelenga sehemu ndogo sana ya ubongo inayosababisha mkono wa kulia utetemeke. Isingeponya ugonjwa wenyewe, na matokeo yangechukua miezi. Alirudi Musoma akitetemeka vilevile, mtaani wakasema ameliwa hela. Matibabu gani hayo yasiyoacha hata kovu?

Mwezi wa tatu baada ya kurudi, akihangaika na jina la marehemu mmoja wa kijiji cha Murangi, brashi ikatulia ghafla.

"Sikufurahi, mwanangu. Niliogopa. Nilisikia vidole vimenishika hapa hapa," anasema, akigusa kifundo cha mkono wa kulia.

Tangu siku hiyo, kila anapoandika jina la mtu, vidole hivyo huja. Akiweka brashi chini, vinaondoka.

Dorkas hataki kusikia habari hizo. "Baba anajishikaga mwenyewe na mkono wa kushoto. Amezoea kushikwa, basi."

Niliutazama mkono wa kushoto wa mzee alipokuwa akiandika. Ulikuwa mwisho wa ubao, umeushikilia usiteleze, nao ulikuwa ukitetemeka kidogo. Nilitamani sana Dorkas awe amesema kweli.

Msalaba mpya wa Mbuke umeegemezwa kwenye kona, mweupe, mkavu, hauna neno. Nilimuuliza mzee kwa nini hajauandika, maana mkono umetulia tangu mwaka jana.

"Nikimaliza jina lake, kazi yake kwangu imeisha," alisema. "Ataniachia."

Alifuta brashi kwa kitambaa, akaitazama ile kona.

"Lakini si haki. Mke wangu analala pale kama mtu asiyekuwa na mume."

Akauchukua msalaba, akaulaza mezani. Aliandika M, kisha B, kisha U, kisha K, polepole, midomo ikicheza kama anayejibu mtu. Ngozi ya kifundo cha mkono wake ilikuwa imebonyea kidogo. Halafu akaweka brashi chini.

"Hiyo ya mwisho nitaiandikia kaburini, Jumamosi," alisema. "Kama ni kuniachia, aniachie akiwa nyumbani."