Doa la Upande wa Kulia

Regina Machage aliacha shamba lake Kenyamonta mwaka ule rashi, mbio za watu kukimbilia dhahabu, ilipopamba moto upande wa Nyamongo. Yeye na mumewe, Nashoni, waliponda mawe ya wachimbaji. Alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto, alijiambia kipande cha jiwe kilimrukia. Akanyamaza miezi minne.

Mwajuma, muuguzi wa zahanati ya jirani, ndiye aliyemkuta nyuma ya turubai akijipapasa.

"Mama Ezra, hapo pana nini?"

"Hapana kitu."

"Wapo watafiti wamekuja na mashine ya kupima matiti kwa mawimbi ya maikrowevu. Kesho wanafungasha. Twende sasa hivi."

Nashoni alitupa nyundo. "Maikrowevu? Ile ya kupashia chakula hotelini? Mke wangu si kiporo!"

Mwajuma hakucheka. Alimweleza kwamba mawimbi hayo ni hafifu kuliko ya simu iliyo mfukoni mwake. Yanapita ndani ya titi, na yakikuta uvimbe yanarudi tofauti. Regina alikuwa ameshafunga kanga.

Zahanatini alilazwa kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu, titi likaning'inia humo katikati ya mashine. Hakuhisi maumivu. Wakapima kushoto. Wakapima kulia. Faridu, mtaalamu wa mashine, akaacha kuandika. Akarudia kulia. Akarudia tena.

"Mama, kulia kuna doa."

"Umekosea. Uvimbe wangu uko kushoto."

"Kushoto naona kama maji yaliyojikusanya. Lakini mashine hii iko kwenye majaribio, inaweza kukosea. Hili si jibu. Nakuomba uende Mwanza ukapimwe zaidi."

Regina alijipapasa kulia palepale, kwa hasira. Hakugusa kitu.

Nje, Nashoni aliwaka. "Pale unapoumwa wanasema hapana kitu, pale pazima wanasema pana kitu! Tukiondoka, wengine watakaa mahali petu pa kupondea mawe."

"Wakae," alisema Regina. "Mimi naenda, hata peke yangu."

Nashoni alimfuata. Mwanza, hospitalini, walimpiga picha, wakamchoma sindano na kuchukua nyama kidogo kila upande. Siku kumi na mbili za kungoja majibu, Regina alishindwa hata kumeza uji. Usingizini alijipapasa, akaamka mkono ukiwa kulia.

Daktari alisoma taratibu. Kushoto, maji tu. Kulia, saratani, ndogo kama punje ya mahindi, haijasambaa.

Nashoni aliinamisha kichwa magotini akalia kwa sauti, watu wa korido wakageuka.

Walimpasua wiki ile ile. Miaka sita sasa Regina analima mtama Kenyamonta, na kila mwaka huenda kupimwa. Nashoni humsindikiza. Hukaa kwenye benchi, hatii kitu mdomoni mpaka mlango ufunguliwe.